Sabini na Tatu Isiyo na Upande wa Kulia

Mtera hakuna reli. Tuna bwawa, tuna barabara ya Dodoma–Iringa inayopita juu ya ukuta wa bwawa hilo, na tuna perege wa kukaanga wanaouzwa madirishani mwa mabasi. Treni ya karibu utaipata Dodoma mjini, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa. Ndiyo maana mteja anayeleta simu kibandani kwangu, akaona kichwa cha treni kinachozidi kidogo urefu wa kidole cha kati kimesimama katikati ya betri chakavu na vioo vilivyopasuka, huwa na swali moja tu: "Fundi, hiki umekinunua wapi?"

Sikukinunua, na hata ningekuwa na hela nisingejua pa kukinunua. Ni mfano wa injini ya dizeli ya Reli ya Kati ambayo watu wa reli huiita "sabini na tatu". Nimeipunguza mara 160. Ina urefu wa milimita 97 na upana wa milimita 17, na kwa kipimo hicho dereva wake anakuwa na kimo cha milimita 11 hivi, kuzidi punje ya mchele kidogo. Sehemu zake zote zimepitia mikononi mwangu: bodi, ngazi, magurudumu, hata honi. Ilinichukua miezi tisa, na bado haijaisha. Sababu ya kutoisha nitaieleza.

Nilizaliwa Gulwe, stesheni ya watu wa Mpwapwa. Mtoto wa Gulwe hujifunza kutofautisha vichwa vya treni kwa masikio kabla hajajua kusoma. Baba yangu mkubwa alikuwa fundi katika karakana ya dizeli ya Morogoro, na kila alipokuja likizo alitufundisha kusoma namba. Tarakimu mbili za mwanzo ni aina ya injini, mbili za mwisho ni namba yake ndani ya kundi. Injini ya 8801 ni ya kwanza katika kundi la 88. Zile 88 zilitengenezwa Montreal, Canada. Ila baba mkubwa alizipenda zaidi 73, na sababu yake ilikuwa ya kifundi: "Hizi zina silinda sita tu, mstari mmoja. Mkono unafika kila mahali."

Sabini na tatu zilitoka India, katika kiwanda cha Varanasi, mji ulio kando ya Mto Ganges. Kiwanda hicho kilitoa kichwa chake cha kwanza mwaka 1964, na kilipoanza kuuza nje ya nchi, mwaka 1976, mteja wa kwanza alikuwa Tanzania. Zilikuwa 15. Zilifika mwaka mmoja tu kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika na reli zake kugawanywa. Muundo wenyewe asili yake ni Marekani, kwa kampuni ya Alco, iliyofunga milango mwaka 1969 huku michoro yake ikiendelea kuzaa Canada na India. Kwa hiyo 88 na 73 ni ndugu wa ukoo mmoja, mmoja kalelewa kwenye baridi na mwingine kwenye joto, wakaja kukutana Dodoma.

Huko nje watu wanaocheza na treni ndogo ni wengi, na kuna viwanda vinavyowahudumia. Kipimo changu, 1:160, kilianza kuuzwa na kampuni ya Arnold ya Nürnberg, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 Märklin wakashuka hadi 1:220. Wajapani wameshuka hadi 1:450, ambako njia ya reli ina upana wa milimita 3, na mimi huko siendi, macho yangu nayahitaji kwa kazi ya simu. Viwanda hivyo hutengeneza injini za kwao, za Ujerumani, Marekani, Uingereza na Japani, kwa sababu wanunuzi wako huko. Sijawahi kuona hata kimoja kinachouza 73 ya Tanzania. Anayeitaka aiunde, kama tulivyounda magari ya waya na ya maboksi utotoni, na magurudumu tukayakata kwenye kandambili.

Kazi ya kwanza ilikuwa vipimo. Sikuwa na mchoro. Nilichokuwa nacho ni picha moja ya baba mkubwa akiwa kijana, amevaa ovaroli, amesimama pembeni mwa 73 upande wake wa kushoto. Bega lake limeziba tarakimu mbili za mwisho, zinazoonekana ni 7 na 3 tu. Baba mkubwa ana kimo cha sentimita 172. Nikagawa kwa 160, nikapata milimita 11 kasoro robo. Nikaipeleka picha steshenari moja Dodoma, nikamwomba dada wa pale aikuze na kuipunguza kwenye kompyuta mpaka mzee awe na urefu huo kwenye karatasi. Dada akacheka. "Kaka, wengine wanaleta picha tuwarefushe." Lakini mzee akishafika milimita hizo, kila kitu kingine pichani nacho kimeshafika 1:160, unaweka rula na kupima.

Nilipima, nikakata, nikaunganisha bodi nzima, na ilikuwa na urefu wa milimita 92. Milimita tano zilipotea wapi? Wahindi walikuwa na injini za aina hii kwa mamia, wao huziita YDM-4, na vipimo vyake vinajulikana: urefu ni karibu mita 15 na nusu. Nikampigia simu mzee. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, siku ile jua lilikuwa linachoma. Bati lilikuwa halishikiki, nikasogea mbele hatua moja." Hatua moja kuelekea kwenye kamera ilimfanya aonekane mkubwa kuliko injini iliyo nyuma yake, nami nilikuwa nimemfanya yeye ndiye rula. Bodi ya kwanza ikaenda kwenye ndoo ya taka.

Ya pili nimeitengeneza kwa kadi za laini, zile za plastiki ambazo unavunja laini katikati na kutupa kilichobaki. Unene wake ni karibu robo tatu ya milimita, zinakatika vizuri kwa wembe, na mtaani kwetu zimezagaa kama majani. Viunzi vya milango ya injini nimevichora kwa sindano ya cherehani. Vyuma vya kushikilia vinavyozunguka ukumbi wa nje ni nyuzi za shaba kutoka kwenye koili ya chaja mbovu, unene wa milimita 0.2. Zidisha kwa 160 upate milimita 32, na hicho ndicho kipenyo cha chuma ambacho mkono wa mtu unakikamata barabara. Taa ya mbele ni kitaa kinachomulika vitufe vya kiswaswadu. Rangi ni ya kucha, shilingi 1,000 kichupa, nimeichanganya na nyingine na nyingine mpaka muuza duka akaanza kuniangalia vibaya. Kuhusu rangi halisi ya 73 mimi na baba mkubwa hatujakubaliana mpaka leo. Nimeimalizia kwa vumbi la Bahi lililochujwa kwa soksi, na kuhusu hilo vumbi tumekubaliana.

Mpaka hapo nilikuwa na pambo. Kulitia mwendo kumenitesa kuliko simu yoyote iliyowahi kuanguka chooni.

Ndani ya kila simu ya kitochi kuna mota ndogo ya kutetemesha, nene milimita 4, ndefu kama punje ya mchele. Inatumia volti 3, kwa hiyo betri ya simu inaitosha. Tatizo ni kasi. Mota hiyo huzunguka kama mara 10,000 kwa dakika. Sasa tufanye hesabu. Treni halisi inayokwenda kilomita 50 kwa saa, ukiipunguza mara 160, inatakiwa kutembea sentimita 9 kasoro kidogo kwa sekunde. Gurudumu la injini yangu lina kipenyo cha milimita 6, likizunguka mara moja linasogea karibu milimita 19. Linatakiwa kuzunguka mara 280 hivi kwa dakika, si 10,000. Ukilifunga gurudumu moja kwa moja kwenye mota, kichwa kinaruka mezani kama panzi. Hilo nimelijaribu.

Kinachotakiwa ni gia ya kupunguza mara 36 hivi. Nilianza na skrubu ya simu ikisukuma gia ya saa ya ukutani. Meno ya saa ni membamba, hesi za skrubu zina nafasi nyingine, vikatafunana kwa dakika mbili mpaka plastiki ikawa unga. Wiki kadhaa baadaye mteja mmoja akaniachia kamera ya dijitali iliyokufa. Kwenye lenzi, ile sehemu inayotoka na kuingia, kuna gia ya skrubu halisi pamoja na gia zake, ndogo kuliko punje ya mtama. Niliifungua usiku huohuo kwa miwani ya kukuza, nikiwa nimeziba pumzi.

Hapa niseme kitu ambacho wateja wangu wengi hawakijui. Husema treni ya dizeli inasukumwa na dizeli. Katika 73 injini ya dizeli haigusi gurudumu hata moja. Inazungusha jenereta, jenereta inazalisha umeme, umeme unashuka kwenye mota sita, kila ekseli na mota yake. Ni kituo cha umeme kinachotembea kwenye reli. Nguvu yake ni farasi 1,350, sawa na megawati moja hivi. Mitambo ya bwawa letu, iliyoanza kuzalisha mwaka 1988, ina uwezo wa megawati 80. Kwa hiyo ukitaka kujua Mtera ina nguvu gani, hesabu injini 80 za aina hii zimepangwa ukutani zote zikinguruma. Wavuvi huwa wananiuliza tena nirudie hesabu hiyo.

Yangu ina ekseli moja tu inayosukuma, tano zilizobaki zinaburuzwa. Naona aibu kulisema mbele ya watu wa reli, ila ndio ukweli. Na kwa kuwa ni moja, ilipowashwa mara ya kwanza gurudumu lilizunguka palepale, kichwa kisitoke. Kilikuwa chepesi mno. Injini halisi ni tani 72, lakini uzito haupungui mara 160, unapungua mara 160, halafu tena mara 160, halafu tena, kwa sababu urefu, upana na kimo vyote vimepungua. Tani 72 zinakuwa gramu 17 na nusu. Yangu ilikuwa na gramu 9. Nikashuka mwaloni kwa wavuvi, nikaomba risasi za nyavu mbili, nikazigonga kwa nyundo zikawa bapa, nikazilaza juu ya ekseli ile inayosukuma. Ikafika gramu 21. Nimezidisha makusudi. Injini halisi inapoteleza mlimani hunyunyiza mchanga chini ya magurudumu kutoka kwenye masanduku yake, na mimi mchanga sinao ninaoutaka, ninao nisioutaka, unaoingia kibandani kila upepo wa Agosti na kuziba umeme kati ya reli na gurudumu.

Magurudumu nimeyachonga kwa shaba ya njano, kipande nimekibana kwenye dirili na tupa nimeishika mkononi. Nimeharibu mengi kuliko niliyopata. Kila ekseli ina gurudumu moja lililotengwa kwa karatasi na supagluu, maana reli ya kushoto ni chanya na ya kulia ni hasi, na ukiyaunganisha kwa chuma unatengeneza shoti. Reli zenyewe ni waya wa shaba wa nyumba, nimeulehemu juu ya vipande vya bodi za simu vilivyokatwa kama mataruma. Ukizidisha, ni reli nene kupita kiasi. Treni yangu inatembea juu ya mabomba.

Upana wa njia ndio ulionifurahisha kuliko yote. Reli ya Kati ya zamani ina mita moja kamili kutoka reli hadi reli. TAZARA ina milimita 1,067, kwa sababu ilijengwa ilingane na reli za Zambia na kusini. Milimita 67 za tofauti, pungufu ya upana wa kiganja chako, ndizo zinazofanya mabehewa ya huku yasiweze kwenda kule. Reli hizo mbili zinakutana Kidatu, na hapo mzigo unahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Kidatu ndiko yanakokwenda maji ya Mtera. Bwawa hili lilijengwa kwanza kwa ajili ya kuyatunza maji ya mitambo ya kule, ndipo baadaye likapata mitambo yake. Sasa gawanya. Mita moja kwa 160 ni milimita 6.25. TAZARA kwa 160 ni milimita 6.67. Tofauti iliyobaki ni milimita 0.42, unene wa karatasi nne za daftari. Njia yangu ina milimita 6.5, imekaa katikati yao, na magurudumu yakiwa na ulegevu kidogo zote mbili zinapita. Nikishapata picha nzuri ya kichwa cha TAZARA nitakiunda, na mezani kwangu kitatoka Mlimba kije Dodoma bila mtu kushusha gunia. Reli ya kisasa ya SGR, yenye milimita 1,435, inaangukia milimita 9 kamili kasoro unywele. Hiyo niliigusa kwa mahesabu tu. Treni yake ni ya umeme, haina moshi wala mafuta, na kusema kweli bado sijaizoea.

Watoto wakitoka shule hunikuta nimeweka ubao wa mita moja na nusu, na kichwa kinavuta mabehewa mawili ya boksi la chai. Siku moja mmoja aliinua ubao upande mmoja ili treni irudi nyuma yenyewe, wenzake wakashangilia. Nilimshika mkono. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, stesheni isiyo mbali na kwetu Gulwe, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma na kugonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Sikumweleza mtoto, nilimwambia tu mchezo huo hatuchezi.

Mwezi wa tatu baba mkubwa alikuja Mtera. Nilimwamkia shikamoo, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamletea perege na ugali, na baada ya kunawa nikamwekea 73 kwenye kiganja. Macho yake yana mtoto wa jicho. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, kisha akaacha kuangalia akaanza kuipapasa kwa kidole gumba. Akapita kwenye ngazi, akapita kwenye kibanda cha dereva, akapita kwenye milango ya injini akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye vyuma vya kushikilia, kimoja kikakatika.

"Vyetu vilikuwa havikatiki hivi," akasema.

Halafu akaigeuza. Upande wa kulia hauna kitu. Ni ukuta mtupu wa kadi ya laini, na ukichungulia vizuri unaona kivuli cha nembo ya kampuni ya simu chini ya rangi. Picha ni moja, na picha ni ya kushoto. Nilimuuliza mzee milango ya kulia ilikuwa mingapi. Akasema sita. Tukanywa chai. Akasema saba. Kabla hajapanda basi la kurudi akanishika bega akasema sita, ila mmoja ulikuwa na kitasa tofauti kwa sababu yeye ndiye aliyekibadilisha. Picha za India nimeziona, lakini hizo ni za Wahindi, na mafundi wetu walikata na kuongeza vitu kadiri vipuri vilivyoadimika. Kitasa cha baba mkubwa hakimo kwenye picha ya India.

Kwa hiyo namba kwenye ubavu wa injini yangu ni 73, kisha doa. Na kulia hakuna milango.

Ewe unayesoma, kama mzazi wako alikuwa mtu wa reli, Tabora, Morogoro, Dodoma au Kigoma, tafadhali fungua sanduku la picha kabla mchwa hawajalifungua. Ukikuta mtu amesimama mbele ya 73 na kibanda cha dereva kiko mkono wa pili, usiitupe. Muulize kimo chake kama bado yuko hai, na muulize alikuwa amesimama hatua ngapi kutoka kwenye bati. Ukipita Mtera na basi la Iringa, shuka pale wanapouza samaki uulizie fundi simu mwenye treni. Chai ipo.